Kuku Wageni wa Siti

Jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa Riyadh amefuga kuku juu ya paa. Kuku wenyewe hawanisumbui. Kinachonisumbua ni chakula chao. Kila asubuhi analowesha pumba pamoja na mkate mkavu wa jana, na ile harufu, chachu kidogo, tamu kidogo, inashuka na ngazi mpaka mlangoni kwangu. Wenzangu wakisikia harufu ya utotoni hutabasamu. Mimi hufunga mlango. Juzi akanigongea, ati ameongeza kuku wapya na wale wa zamani wanawatesa, nipande nikamwangalizie, maana amesikia niliwahi kufuga. Nikamwambia sijui lolote la kuku.

Mwongo mkubwa mimi. Najua kila kitu. Nilifundishwa na mtu aliyejua, na namna nilivyomlipa mtu huyo sijawahi kumsimulia yeyote hapa kwangu, hata mume wangu. Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Tumefika umri ambao uongo wa utotoni hauwezi tena kuitwa utoto.

Tulikaa Jeddah, mtaa wa Rawdah, nyuma ya jumba la watu. Babangu alikuwa dereva wao, mamangu mpishi, na sisi watatu tulipewa vyumba viwili vya uani, karibu na tangi la maji. Wazazi wangu ni watu wa Mombasa, na Kiarabu chao kilikuwa tofauti kabisa. Babangu alikijua vizuri kwa kukaa barabarani na watu. Mamangu hakutoka jikoni, na Kiarabu chake hakikuvuka mlango wa jikoni: yalla, mafi, halas, basi. Mimi nilisoma shule ya pale pale mtaani, nikakiongea kama wao. Kwa hiyo mchana, babangu akiwa nje na gari, mimi ndiye niliyekuwa ulimi wa nyumba. Nina miaka tisa, mtu mzima ananiambia neno, mtu mzima mwingine ananisubiri nimpelekee. Wallahi mtoto akipewa cheo hicho hata kutembea hubadilika.

Cheo changu cha pili kilikuwa kuku. Mama mzazi wa madam, mwanamke mwenye jumba, sote tulimwita Siti kwa sababu ndivyo Wahijazi, wenyeji wa Jeddah, wanavyomwita bibi; alikuwa na kuku watano uani. Banda lao lilikuwa la waya na mbao, na walitagia ndani ya kasha la kiyoyozi kilichokufa. Siti miguu ilikuwa inamsumbua, basi kazi yote niliifanya mimi. Nilikuwa nalowesha mkate na pumba, naokota mayai, nampelekea yakiwa bado na joto. Alikuwa anayashika shavuni kwanza kabla ya kuyaweka kwenye bakuli, kisha ananiombea dua ndefu.

Wiki moja tukapata wageni wa aina mbili. Jumatatu babangu alikwenda uwanja wa ndege akarudi na Nekesa, mfanyakazi mpya wa nyumba, mwanamke wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Jumatano akaenda sokoni akarudi na tembe wanne kwenye katoni, kuku wachanga wa kike ambao bado hawajaanza kutaga, kwa kuwa wale watano wa Siti walikuwa wamezeeka na mayai yalikuwa yanapungua.

Nikafanya alichoweza kufanya mtoto asiyejua. Nikafungua mlango wa banda, nikawamwaga ndani wote wanne kama viazi. Subhanallah! Wale wakubwa hawakungoja hata salamu. Waliwavamia, wakawadonoa, wakawakimbiza pembe kwa pembe, na mmoja, mweupe mwenye mkia mweusi, wakambana kwenye kasha la kiyoyozi wakamchuna ngozi ya kichwa ikabaki nyekundu. Mimi nikawa napiga kelele tu. Siti akatoka na fimbo yake, akamwona yule mweupe anavyochuruzika damu, akashika kifua. "Haram!" akasema. "Ya haram!"

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kiarabu nilikijua, lakini neno hili nilikuwa nalo tayari kutoka nyumbani, na la nyumbani ndilo lililotangulia kichwani. Haramu ni haramu. Nguruwe ni haramu, pombe ni haramu. Nikaona basi, kuku huyu ameshakuwa haramu, labda kwa ile damu, hafugwi wala haliwi. Siti aliporudi ndani nikamfunga kwenye mfuko, nikatoka naye nje ya ukuta, nikamtia kwenye pipa la taka akiwa hai.

Nekesa ndiye aliyemtoa. Alikwenda kutupa uchafu wa jikoni, akasikia mfuko unalia. Alirudi naye kifuani, nguo imejaa damu, akanitazama. Hakuuliza wala hakunigombeza. Akamwomba mamangu manjano na mafuta ya nazi, akampaka yule kuku kichwa, akamweka peke yake ndani ya katoni.

Asubuhi yake, njiani kwenda shule, nikamweleza babangu garini kwa nini nilifanya vile. Babangu alicheka mpaka akawasha taa za dharura na kuegesha gari. "Haramu yao hapo si haramu yetu, mama," akaniambia. "Siti alikuwa anamwonea huruma. Ni kama sisi tunavyosema masikini, pole yake." Nikamwapisha asimwambie mtu. Nilikuwa ulimi wa nyumba, nitaonekanaje? Akaapa, huku bado anacheka.

Kwa hiyo nilijua. Nataka mlikumbuke hilo mpaka mwisho. Kuanzia asubuhi ile nilijua.

Kuku wakahamia mikononi mwa Nekesa bila mtu kutangaza. Kwao kuku si mchezo, mgeni huheshimiwa kwa kuku, na yeye alilelewa nao ndani ya nyumba. Alichukua kipande cha waya akakata banda nusu kwa nusu. Wazee huku, wageni kule. "Hizi kuku zinafaa zionane kwanza," akaniambia. "Zikule pamoja, kila moja upande yake. Zisikiane sauti. Mwezi mzima hivyo. Ukiharakisha, utazika."

"Si 'hizi kuku zinafaa'," nikamwambia. "Ni 'kuku hawa wanafaa'. Na ni 'upande wake'."

"Haya mwalimu," akasema, akacheka, na siku ya pili akasema tena hizi kuku.

Nilimcheka Kiswahili chake mbele ya mamangu, mbele ya babangu, nikamwigiza anavyosema. Mamangu alinifinya sikio. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akaniambia, "lakini kamba hiyo usiwe wewe." Sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia kuku.

Ukweli ni kwamba Kiswahili chake wala hakikuniudhi. Kilichoniudhi ni mamangu. Kabla ya Nekesa, mamangu jioni alikuwa wangu. Alikuwa akimaliza vyombo anakuja kukaa kizingitini, mimi kichwa mapajani mwake, anaongea kidogo, anasinzia. Nekesa alipokuja, kumbe mamangu alikuwa na maneno mengi namna ile! Wakawa wanakaa wote wawili, Nekesa anamsuka, wanacheka mambo ya Kenya nisiyoyajua, bei za huko, mabibi harusi, mvua, na mara wananyamaza ghafla nikikaribia. Sikuwahi kumsikia mamangu akicheka kwa sauti hadi siku zile. Ilikuwa nzuri sauti hiyo, na mimi niliichukia.

Na Siti naye! Sasa akitoka uani anaita, "Nekisa! Nekisa!" Hawakuelewana hata neno, lakini walikaa kwenye mikeka wakionyeshana kuku kwa vidole, saa nzima. Mayai nikawa napeleka mimi, dua zinakwenda kwa Nekesa.

Nekesa alikuwa ameacha mtoto wa miezi kumi na moja kwa dadake. Mtoto huyo ndiye aliyemtoa kwao kutafuta pesa, na ndiye aliyemtesa. Madam hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekubali kila Ijumaa Nekesa aongee na mtoto kwa video kwenye simu ya mamangu, maana yake ilikuwa ya vitufe tu, na akamwahidi likizo mwaka ukiisha. Mamangu alikuwa anamwambia, "Shika nyumba hii, mwenzangu. Nyumba kama hii hupati mara mbili." Miezi ya majaribio ilikuwa haijaisha. Katika miezi hiyo mfanyakazi anaweza kurudishwa ofisini kwa wakala, au akaomba mwenyewe arudishwe, akapelekwa nyumba nyingine popote. Sote tulijua hivyo, hata mimi.

Ijumaa moja, mwezi ukikaribia kuisha, mtoto alikataa simu. Alimwona mamake kwenye kioo akalia, akajificha shingoni kwa dadake Nekesa, na huyo dada ndiye akamwita mama. Nekesa alirudisha simu, akasema asante, akatoka kwenda kulisha kuku. Nilimfuata kwa sababu hiyo ilikuwa kazi yangu hapo zamani. Alikuwa amechutama na yule mweupe mkononi, kichwa kimeshaota manyoya madogo, na machozi yanamtoka bila sauti.

Siti alikuwa kwenye kiti chake. Akaniuliza ana nini huyu. Nikamwambia: mtoto wake amemsahau. Siti akashika kifua vilevile kama siku ya damu. "Haram," akasema. "Wallah haram."

Nekesa akainua uso. Neno alilitambua, nani asiyelitambua? "Anasema nini?" akaniuliza.

Nimejaribu miaka yote kukumbuka kama nilifikiri. Sikufikiri sana. Lilitoka laini, kama lililokuwa limekaa tayari. "Anasema wewe ni haramu."

"Mimi?"

"Ndiyo. Kwa sababu si Mwislamu. Anasema mkono wako ni haramu, usishike tena kuku wake."

Alimtazama Siti. Siti, masikini ya Mungu, alikuwa bado na mkono kifuani, machozi yanamlengalenga, anatikisa kichwa. Ukishaambiwa kwamba mtu anakutukana, hata huruma yake utaiona dharau. Nekesa akamweka kuku chini polepole. Akaenda kwenye bomba, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akaingia ndani. Mimi nikachukua bakuli la pumba nikamalizia kulisha. Nilifurahi, sitawadanganya. Nilifurahi mpaka saa ya chakula.

Siku ya pili asubuhi akamwambia madam, kwa Kiingereza, kwamba anaomba kurudishwa ofisini. Madam alishangaa. Kuna nini? Kazi nyingi? Chumba? "Nothing, madam. I want to go." Mamangu akamshika mikono jikoni, akamsihi aseme kilichompata. Akasema hakuna kilichompata. Alikuwa na kiburi kile kizuri cha mtu asiyetaka kumpa mwenzake mzigo. Mamangu anafanya kazi na wale watu, anakula chumvi yao. Angemwambiaje kwamba Siti anamwona najisi?

Ofisi ikajibu haraka. Kuna nyumba Riyadh inamsubiri, familia kubwa, watoto wengi. Siku mbili. Siku mbili nzima nilikuwa na ulimi mdomoni. Ningeweza kumwambia mamangu, ningeweza kumnong'oneza babangu garini, tena njia ile ile aliponicheka. Kila nikifungua mdomo nilikuwa naona namna watakavyonitazama, nikaufunga. Na tena, nisitafute sababu nzuri, sehemu yangu moja ilitaka aende.

Siku ya kuondoka Siti alijikokota mpaka getini. Alimshika Nekesa mkono, akanigeukia, akasema haraka haraka: mwambie asiende, mwambie mimi nimemzoea, kama kuna aliyemkosea humu ndani aniambie mimi. Babangu alikuwa kwenye buti la gari anapanga begi, hakusikia. Nekesa akanitazama, anasubiri, na safari hii nilimwona wazi kwamba anatumaini.

"Anasema safari njema," nikamwambia.

Akaondoa mkono wake kwenye mkono wa Siti, kwa adabu, akapanda gari.

Babangu alichelewa sana kurudi. Aliporudi hakula, wala hakunisemesha mpaka kesho yake. Mimi nikadhani amechoka na foleni.

Jioni hiyo hiyo nikaondoa ule waya, kama Nekesa alivyokuwa amenieleza. Unangoja jua liingie, kuku wakiwa wameshapanda kulala. Unawapaka wote maji ya kitunguu, wazee na wageni, wawe na harufu moja. Unawapandisha wageni kwenye ufito mmoja wa kulalia na wenzao, kimya kimya, na asubuhi unawatundikia kabichi ili midomo iwe na kazi. Sahani za chakula mbili, si moja. Nilifanya yote. Kulipokucha walikuwa tisa pamoja, yule mweupe katikati, hakuna aliyemdonoa mwenzake. Siti alitaka nimpigie Nekesa simu nimweleze. Nikamwambia nambari haipatikani. Na kweli haikupatikana, kule Riyadh walikuwa wamemchukulia simu.

Mamangu alirudi kuwa wangu jioni, kama nilivyotaka. Alikuwa anakaa kizingitini, anaongea kidogo, anasinzia. Sauti ile ya kucheka sikuisikia tena pale uani.

Nimekuwa mkubwa, na tazameni Mungu alivyo na mambo yake: kazi yangu hapa Riyadh ni ukalimani. Nakaa kwenye zahanati ya watu, mwanamke wa Kenya analeta maumivu yake kwa Kiswahili, mimi nayapeleka kwa daktari kwa Kiarabu. Wenzangu husema niko makini kupita kiasi. Narudia neno mara tatu, namuuliza mgonjwa, "Ndivyo ulivyosema?" Wananitania kwamba ningefaa mahakamani.

Mwaka jana mamangu alifariki Mombasa. Baada ya arubaini nikawa napitia simu yake kuwaarifu watu aliojuana nao, nikakuta jina: Nekesa wa Kuku. Nikadhani ni nambari ya zamani. Nilipofungua nikakuta salamu za kila sikukuu, Idi na Krismasi, miaka na miaka, picha za mahindi, picha ya msichana mkubwa na sare ya sekondari. Mamangu hakuwahi kunitajia. Nilikaa na ile simu wiki mbili, kisha nikapiga.

Alinipa pole ya msiba, akalia kidogo, mimi pia. Alikuwa na sauti ileile. Akaniambia Riyadh alikaa miaka minne, simu alikuwa anapewa mara moja kwa mwezi, na alipofika nyumbani mtoto alimwita anti. Alisema tu, hakulaumu. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimweleza neno lile lilikuwa na maana gani kweli, na kwamba nilijua, na kwamba pale getini Siti alikuwa anamwomba abaki. Nilisema yote kwa pumzi moja kama mtoto anayesomea mwalimu.

Nilisikia jogoo huko kwao.

"Hiyo ya getini sikuwa najua," akasema. "Hiyo ingine najua. Baba yako aliniambia. Hatukuwa hata tumetoka Rawdah. Aliniuliza bibi alinikosea nini, nikamwambia, akasimamisha gari kando ya barabara. Akalia, baba yako. Akasema turudi, yeye mwenyewe ataongea na madam."

"Sasa mbona hukurudi?"

"Mama, yule bibi lugha yake nilikuwa siisikii. Angenitukana mwaka mzima nisijue. Kwa nyumba ile nilikuwa nasikia vizuri watu watatu peke yao, na mmoja ni wewe." Akashusha pumzi. "Nikaona kama mtoto ninayemsikia ndiye ananifukuza, mimi nitakaa aje?"

Nikamwambia nisamehe. Nilisema mara tatu, ndivyo nilivyozoea.

"Nimesikia," akasema. Nikangoja aongeze neno. Akaniuliza kama huko Riyadh joto limeshaanza.